Nilimwombea Mama Kifo Redioni

Kosa ni langu peke yangu, na atakayenitetea nitamkasirikia!

Mimi ni mwanamke wa Mjambere, hapa Mombasa. Kwenye vipindi vya redio vya asubuhi nilikuwa mpiga simu maarufu. Kila mada nina la kusema. Nyumbani nilikuwa nikimuuguza mamangu, aliyepooza miaka miwili. Mkono mmoja tu ndio uliokuwa ukimtii. Hageuki mpaka ageuzwe.

Siku hiyo mada ilikuwa hii: je, sheria imruhusu daktari kumsaidia mgonjwa asiyepona afe? Nilikuwa hoi kwa uchovu. Nikatoka uani na simu yangu, nikasema, "Imruhusu! Mamangu yuko kitandani, si mzima si maiti. Nikiletewa fomu leo natia sahihi." Mtangazaji akanisifu kwa ujasiri. Nami kichwa kikanivimba, mjinga mimi!

Niliporudi chumbani, redio ndogo iliyokuwa kando ya kichwa cha Mama ilikuwa imezimwa. Hakuwahi kuizima nikiwa nazungumza. Alikuwa akijivunia sauti yangu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo sahihi ungetia yangu au yako?"

"Mama, yale ni maneno ya redioni tu."

Tangu hapo hakuniita tena. Nikienda kumgeuza, husema, "Wacha, mwanangu. Nimelala vizuri, kapumzike." Nami nikapumzika! Nikawa nampangusa uso na mikono tu. Nilijua ananidanganya, wallahi nilijua, lakini uongo ule ulinifaa.

Wiki tatu baadaye alifariki. Mwosha maiti, mama mmoja mgeni kwetu, akaniita nyuma ya pazia akanionyesha kidonda mgongoni, kikubwa kuliko kiganja changu.

"Masikini, bibi huyu hakuwa na mtu?"

Hakujua kuwa mimi ndiye bintiye. Sikumwambia.

Mtangazaji naye akanipa pole hewani, eti Mama sasa amepumzika. Amepumzika na nini? Na mimi!

Mada ile bado wanaijadili. Msiniulize iruhusiwe au ikatazwe, sijui. Lakini wewe unayeshika simu kumsemea mgonjwa wako, ingia kwanza chumbani, umgeuze, umuulize mwenyewe anataka nini. Mimi nilimlisha Mama miaka miwili, nikamsemea mbele ya Mombasa nzima, na sikumuuliza hata siku moja.