Mwosha Maiti na Wino wa Kura

Mwosha maiti wa mtaa ule huongea zaidi na wafu kuliko anavyoongea na walio hai. Maji huyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, kama mama anayemwogesha kichanga, na kila anapomgeuza marehemu humnong'oneza, "Niwie radhi, ndugu yangu." Huanza upande wa kulia, hupitisha maji katikati ya vidole taratibu, wala hana haraka hata jeneza likiwa linasubiri mlangoni.

Juzi, siku ya pili baada ya uchaguzi, kijana mmoja alimzuia kuingia. Aliyelala ndani alikuwa baba yake. Macho ya kijana yaliganda kwenye kidole cha mzee mwoshaji, penye wino wa kura.

"Sheria ni ya Mungu peke yake, mzee. Mkono uliochagua watu wa kutunga sheria nyingine haumgusi baba."

Maneno hayo mzee alikuwa ameyasikia msikitini Ijumaa nyingi. Alimshika kijana mkono wakaingia wote, akafunua shuka kidogo, akauinua mkono wa kushoto wa marehemu kwenye mwanga. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi hadi ukuchani.

"Baada ya swala ya alfajiri tulikwenda kupiga kura pamoja," alisema. "Yeye ndiye aliyenigongea mlango."

Kijana alinywea kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akanyakua sabuni na dodoki, akaanza kukisugua kile kidole cha baba yake, kwa nguvu, bila kumwomba radhi.