Chupa ya Chai Sikioni

Katika duka la vitu vya kale, mtaa wa Wachina hapa Sydney, mama mmoja Mkongomani alichukua chupa ya chai yenye maua mekundu, akang'oa kizibo, akaiweka sikioni.

"Usiguse, kuna Korona!" mzee mwenye duka akafoka nyuma ya barakoa. "Hiyo ni pambo tu."

"Pambo gani, papa? Miye nataka chai. Nasikiliza kama inavuma. Ikinyamaza, chai itapoa."

Mimi niliyesimama nyuma yao nikajua ugomvi umefika. Mzee akaichukua, naye akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. Akashusha nyingine kutoka rafu ya juu, akaisikiliza, macho yakacheka.

"Hii ndiyo inavuma."

Mwaka huo tulizibwa midomo tusiambukizane. Bahati nzuri, barakoa huning'inia masikioni bila kuyaziba.