Kaseti Zisizo na Majina

Simu ilinikuta Ruti, pembeni mwa Mbarara, kwa fundi wa pikipiki, Jumatatu mchana. Mzee wetu wa jazi kule kwenye makazi ya wakimbizi Nakivale amefariki, akasema jirani yake Mrundi aliyenipigia, kisha akaongeza: “Mama, mke wake, anasema uje na kalamu.” Wewe msomaji unayenifuata humu kila wiki unajua kwamba mimi si mtu wa kuogopa misiba, nimelelewa kwenye kota za jeshi pale Makenke, matanga nimekulia ndani yake. Lakini ile kalamu ilinikalisha chini kwenye tairi bovu. Nilijua inatakiwa ya nini. Nimeogopa tangu siku hiyo, na hata sasa ninapoandika bado naogopa, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Nilikutana naye miaka kadhaa iliyopita hapa Mbarara, kwenye kibanda cha fundi redio. Alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, amekumbatia redio kaseti kifuani. Fundi alikuwa anamkatisha tamaa: “Sebo, mzee wangu, hii mashini imezeeka sana. Itakula kanda zako zote.” Mzee akajibu taratibu, “Utengeneze tu, papa. Hii jazi yangu haina ingine.” Kusikia jazi, nikachangamka. Kwetu kambini jazi ilikuwa bendi: magitaa, tarumbeta, askari na wake zao wanasakata dansi siku za sikukuu. Nikamwambia ninazo tele, na wiki iliyofuata nikampelekea Nakivale kanda tatu za dansi, nimevimba kichwa. Akasikiliza ya kwanza mpaka mwisho, kwa adabu, akichezesha mguu. “Hii ni muzuri mingi, ndugu,” akasema. “Lakini hii ni jazi ya kucheza. Yangu ni ya kukaa.” Watu waliokuwa barazani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona aibu, tena aibu ya kufa, nikaapa kwamba mbele ya watu wale sitaonekana mshamba tena. Makosa yangu yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Basi tukawa tunakaa kweli. Kila Jumapili, watu wakishatoka kwenye misa na ibada zao, tulikusanyika saba au wanane kwenye baraza lake la udongo. Alikuwa anaweka kaseti, anataja upesi upesi nani anapuliza tarumbeta, nani yuko kwenye piano, nani kwenye ngoma, na wimbo ulipigwa mji gani; halafu kimya, hata kukohoa ni kosa. Ukiisha haulizi umesikia nini. Anauliza, “Uliona nini?” Yule jirani Mrundi, mkulima wa maharage, aliwahi kujibu: “Nimeona mtu aliyepoteza mbuzi, na anaona haya kumwita kwa sauti.” Mzee alifurahi hadi akamshika mkono asimwachie. Mimi zamu yangu ilipofika nilijitia ujuzi. “Ah, huyu wa saksafoni namjua sana,” nilisema, nikitikisa kichwa kama mjusi. Jina nilikuwa nimeshalisahau kabla wimbo haujafika katikati.

Kaseti zake zilikuwa ishirini na sita, na hata moja haikuwa na maandishi. Kabla ya vita alikuwa fundi mitambo kwenye redio ndogo ya kwao, akazirekodi kutoka kwenye sahani za santuri, na kila kaseti aliibandika karatasi yenye majina yote. Alipokimbia, watu wenye bunduki walizikuta kwenye mfuko wake kwenye kizuizi cha barabarani. Hawa wenye majina ya kigeni ni akina nani, wakamuuliza, na wewe unampelekea nani habari? “Nilibandua karatasi yote mbele yabo,” alinisimulia, “moja moja. Nikasema ni nyimbo ya kanisa tu. Bunduki iko hapa.” Akagusa shingo. Walimwachia, akafika Uganda na majina yote kichwani. Alihitaji mkwaruzo wa mwanzo tu wa ukanda kujua ni nani anakuja. Nakivale imejaa watu wa namna hiyo. Wamebeba kichwani mipaka ya mashamba, majina ya mababu, dawa za ng’ombe, na sisi tunaoishi karibu nao tunadhani tutawauliza siku yoyote tukipata nafasi.

Miezi miwili kabla ya kufa alikuja mjini kutibiwa macho, akanipitia nyumbani. Akatoa daftari jipya ndani ya koti. “Ndugu, niko naogopa,” akasema. “Macho haione tena. Siku nitakufa, hii majina itaenda na miye. Andika, miye nitasema.” Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Lakini kuandika kungeniumbua. Ningelazimika kuuliza kila jina linaandikwaje, naye angejua kuwa miaka yote nilikuwa natikisa kichwa bure. Nikacheka. “Mzee, daftari la nini tena? Mimi nazijua zote.” Alinitazama, kisha mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. “Aksanti mingi. Basi siogope tena.” Akamaliza chai yake, akaenda zake na daftari lile jeupe. Woga wake aliuacha kwangu.

Nilikwenda, na kalamu. Siku ya tatu baada ya mazishi mjane alitandika kitenge barazani, akazipanga kaseti, na mbele yangu akaweka daftari lile lile. “Shemeji, bwana yangu alisema weye njo unajua. Anza, batoto babandike majina.” Wenzetu wote wa Jumapili walikuwepo, wamekaa kama mzee alivyotuzoeza. Yule Mrundi akabonyeza redio kaseti. Mkwaruzo, kisha tarumbeta. Nikaifungua kalamu. Wimbo ule nimeusikia mara nyingi, lakini nani aliupiga, Mungu wangu! Nikaona kwamba naweza kubuni jina lolote la kizungu na hakuna pale wa kunikamata. Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe: uongo wangu ungeandikwa, ungebandikwa, na wajukuu wake wangeusoma kama ukweli. Wimbo ukaisha. “Sijui,” nikasema. “Mama, nilimdanganya. Sijui hata moja.” Hakunitukana, heri angenitukana. Alizitazama zile kaseti moja baada ya nyingine, kisha akanisogezea daftari. “Basi andika vile. Andika haujue.”

Msomaji wangu, kama kuna mtu anakufundisha kitu na hujakielewa, mwambie leo, angali anaweza kukucheka na kurudia. Neno lenyewe ni dogo. Nilikuwa na Jumapili tele za kulisema, nikalitoa siku ambayo mwenye kunijibu yuko chini ya udongo. Daftari niko nalo hapa mezani, mjane amesema nikae nalo mimi. Mwandiko ni wangu, mistari ishirini na sita, kuanzia kaseti ya kwanza hadi ya mwisho: sijui, sijui, sijui.