Profesa wa Dibaji

Meza ilikuwa yake. Hilo mtaa mzima ungeweza kuliapia. Fundi cherehani aliitengenezesha kwa seremala baada ya kushona magauni ya watu mpaka vidole vikaota sugu. Akaiweka chumba cha mbele chini ya dirisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutua juu yake hata kikombe cha chai. Watoto walilelewa wakijua hivyo. Wakakua, wakaenda kwao, na meza ya kukatia ikabaki safi kama ilivyokuja.

Kisha mumewe akastaafu.

Mume alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya magari, mtu wa boliti na mikanda ya injini maisha yake yote. Mwanzoni alilala tu. Alipochoka kulala akaanza kukosoa jinsi mkewe anavyosugua sufuria. Alipochoka kukosoa, akatoka, akarudi na kitabu kinene cheusi, akakitua mezani, puu!

"Nini hicho?" fundi aliuliza.

"Kalkulasi ya juu," alijibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza kaoa tena. "Shuleni nilikuwa moto wa kuotea mbali kwenye hesabu, ada ndiyo iliyonikwamisha. Sasa muda ninao. Nitajisomea mwenyewe. Niazime meza siku mbili tatu nichague kitabu."

"Si umeshakileta?"

"Hicho cha kuangalia tu. Yule muuza vitabu vya mitumba pale stendi kaniruhusu nichukue na kurudisha mpaka nipate kinachonifaa. Kitabu cha kujisomea hakichaguliwi ovyo, mke wangu. Ukikosea, hakuna mwalimu wa kukuokoa."

Mke alichaguliwa ovyo, fundi akajisemea moyoni, na hakuna aliyemwokoa.

Balaa likaanzia kwenye dibaji, yale maneno ya mbele ambayo mwandishi anamkaribisha msomaji. Kitabu cheusi kilisema mlangoni tu kwamba msomaji awe anaijua barabara kalkulasi ya kawaida. Mume akajikuna kidevu, akaenda stendi, akarudi na cha kalkulasi ya kawaida. Hicho nacho kikataka mtu aliyeiva kwenye aljebra. Akaleta cha aljebra, chenye jalada jekundu. Chekundu kikadai msingi imara wa hesabu za sekondari. Akatoka tena. Kila kitabu kilimrudisha nyuma kidogo, kama mtu anayezungushwa ofisi hii mpaka ile, na kila kimoja kilibaki mezani "kwa kulinganisha". Alisoma dibaji kalamu mkononi, akipiga mistari hewani kwa kuwa vitabu si vyake. Ukurasa wa kwanza wa hesabu zenyewe hakuwahi kuufikia. Mtaa ukambatiza Profesa wa Dibaji, na yeye, masikini, akadhani ni heshima.

Fundi akahamia sakafuni. Alitandika mkeka, akapiga magoti, akakata vitambaa mgongo umepinda kama ndoana. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa alimkuta Profesa ameiegemea meza kwa viwiko vyote viwili. "Shh," Profesa alimwambia, "nafikiri." Mteja akageuza, akaenda kwa fundi mwingine, na huko huko akabaki.

"Shoga," jirani yake Mama Pacha alimchokoza siku moja wakianika nguo, "mwenzio kafika wapi?"

"Bado anabisha hodi."

"Miezi yote hii? Mlango gani huo usiofunguka?"

"Uko wazi. Akiingia itabidi afanye kazi."

Mama Pacha alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo. Fundi hakucheka. Yeye darasani hakukanyaga. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akabaki kubeba watoto wa watu mgongoni. Wakati wa uchumba Profesa huyu huyu alimshika mkono akamwambia, "Usijali, nitakufundisha kusoma mimi mwenyewe. Mwaka ujao." Mwaka ujao ukafika, nao ukawa na mwaka wake ujao. Mwisho akajifundisha kwa maandishi ya mifuko ya unga na vibao vya maduka, bila dibaji yoyote, mtoto akiwa anavuta ziwa. Hakuna aliyempisha meza.

Ndipo mkuu wa wauguzi wa hospitali alipomletea majora ya kitambaa cheupe.

"Sare za wauguzi wote, mama. Nataka nyeupe pe. Nikikuta doa moja, sipokei hata moja. Zikiwa safi, kila mwaka kazi hii ni yako."

Fundi aliitikia kwa tabasamu. Kitambaa cheupe hakikatwi kwenye mkeka. Mgeni alipotoka tu, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba watoto, leo chagua kimoja. Nataka meza yangu."

"Si rahisi hivyo, mke wangu. Kuna vyenye majibu nyuma na visivyo na majibu. Chenye majibu kitanidekeza. Kisicho na majibu kitanitelekeza."

"Na hicho chembamba?"

Profesa akakiinua kwa aibu kidogo. Kilikuwa cha watoto wanaoanza, kina picha ya kuku na vifaranga. "Hiki nilidhani hakidai kitu. Lakini tazama kilivyoandikwa: 'Mwalimu amwongoze mtoto.' Mwalimu nitamtoa wapi? Nacho hakifai kujisomea."

Fundi alimtazama mtu aliyeanzia kalkulasi ya juu, akateremka mpaka kwa kuku, na kwa kuku nako akakosa pa kuanzia. Hakubishana. Alingoja aende msalani, akahamishia vitabu kwenye kiti, akaifuta meza, akatandaza kitambaa. Alikuwa amekilowesha kisije kikanywea baada ya kufuliwa, na bado kilikuwa na unyevu. Upepo wa dirishani ukainua pindo. Akanyakua kilichokuwa karibu, kile kitabu chekundu, akakandamizia.

Alipokiinua ili asogeze mkasi, jalada lilikuwa limetema rangi. Doa jekundu, pana kama kiganja, katikati ya weupe wote ule.

Alikaa kwenye kiti, juu ya vitabu, akaiona kazi ya kila mwaka ikiondoka na mkuu wa wauguzi. Kisha akanyanyuka, akachukua karatasi ya mtindo anayoifuata kukata, akaisogeza huku na huku, akaigeuza, mpaka doa likaangukia pale panapokatwa tundu la shingo. Akapitisha mkasi. Kipande chenye doa kikaanguka chini.

Lakini upepo ulikuwa bado upo. Basi na yeye akaanza kuchagua kitabu. Alilowesha tambara jeupe, akayasugua majalada moja baada ya jingine. Cha sekondari kiliacha ukungu wa buluu. Cha kalkulasi ya kawaida kilikuwa kimevunjika uti, hakilali sawasawa. Cha kuku kilipeperuka chenyewe. Kile cheusi cha kalkulasi ya juu hakikutoa rangi hata kidogo, hakikuteleza, pembe zake zilikuwa zimelainika zisikwaruze uzi, na kilikuwa kizito kama deni. Akakiweka kwenye pindo, pindo likatulia.

Alimaliza kuchagua Profesa akiwa bado msalani.

"Vitabu vyangu!" mume alipiga kelele alipotoka.

"Vipo kitini. Mkeka nao nimekuachia."

Papo hapo muuza vitabu akabisha hodi. "Shemeji, habari za kazi? Mzee, nimefuata vitabu. Nimekuvumilia sana. Chagua kimoja, vingine nibebe."

"Nipe wiki moja tu, ndugu yangu. Nipo kwenye kulinganisha."

"Cheusi hakitoki," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Vingine beba."

"Mke wangu, hicho dibaji yake inadai..."

"Dibaji yake sijaisoma. Kinakaa kilipowekwa, hakichafui, na hakipigi kelele. Ningepewa mume wa hivyo nisingeuliza kama majibu yapo nyuma au mbele."

Muuza vitabu alicheka mpaka akaangusha kuku na vifaranga. Profesa akalipia kitabu cheusi huku amenuna, na vile vingine vikaondoka ndani ya gunia.

Mkuu wa wauguzi alizikagua sare dirishani, moja moja, miwani puani. Hakukuta doa. "Mwakani nitakuletea mapema," alisema.

Profesa akabaki na kitabu kimoja, hana pengine pa kukimbilia, na hicho alikipata tu wakati fundi yuko kwenye cherehani. Akajikuta amevuka dibaji bila kupenda. Jioni moja alimfuata mkewe mezani, kitabu kifuani, macho yanang'aa kama ya mtoto.

"Mke wangu, nimefika kwenye hesabu zenyewe! Ila hapa pana michoro, inataka nafasi. Niazime pembe tu ya meza. Siku mbili tatu."

Fundi akatoa pini mdomoni.

"Mwaka ujao," alisema, akamchomoa kitabu mikononi, kwa maana upepo ulikuwa umeanza tena kuinua pindo.