Jina la Boga Ambalo Babu Hakulijua

Juzi niliamka Tunduma, nikafunga begi na kupanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi dirishani. Lilikuwa linakwenda Isongole, basi na mimi nikawa nakwenda Isongole. Njiani kila mteremko ulikuwa na maboga, na maboga hunirudisha nyumbani Mbozi.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba enzi zetu mke hakutamka jina la baba mkwe wake. Sasa babu yangu, aliyemzaa baba, aliitwa Maboga. Mfikirie mama, katika nyumba iliyokula maboga ya kuchemsha, mbegu zake za kukaanga, na majani yake yaliyoungwa karanga. Jina likimponyoka, alirudishwa kwao Ndalambo akalete kuku wa kuombea radhi. Alikwisha kurudishwa mara mbili, na shangazi zetu walishasema safari nyingine asihangaike kurudi.

Tena katazo lilihusu kila lugha ambayo babu aliielewa. Kinyiha kilikuwa chake, Kinamwanga alikipata kwa wakwe. Mama akajaribu Kibemba, akatuita tukale chipushi. Babu, ambaye ujanani alivusha sana kahawa kwenda Zambia, akakohoa kutoka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa.

"Hilo nalijua."

Mama akaingia ndani kufunga furushi la kanga zake, tayari kwa Ndalambo.

Bwana shamba, aliyekuja kukagua mibuni na kubakizwa kwa chakula, akauliza kulikoni. Alipoelezwa alifikiri sana, kisha akasema kwamba wataalamu wana lugha ya mimea ambayo haina wenyewe kokote duniani, na humo boga ni Kukurbita. Wote tukamgeukia babu. Alilitafuna lile neno pamoja na tonge, macho juu.

"Hilo silijui," akasema, kwa unyonge kidogo.

Mama akafungua furushi lake. Tangu siku hiyo tulikula Kukurbita, tukapalilia Kukurbita, na majirani wakaazima mbegu za Kukurbita.

Nikabaki mimi, niliyerithi jina la babu. Mama akaniita Kukurbita pia. Nilizoea hivyo hadi nilipoanza shule, mwalimu akaita Maboga mpaka akachoka, nami nimetulia namsubiri huyo Maboga aitike. Shule yenyewe haikunikalisha sana.

Isongole nilipata chumba kwa mzee mmoja mwenye vyumba vya wageni. Anayepokea wageni ni mkwe wake, binti mwenye simu mkononi, anayemwita mzee wa watu kwa jina lake, tena kwa sauti, aje aangalie mpira. Vijana wa leo wana majina yote ya dunia mfukoni, na hakuna hata moja wanaloliogopa.

Nilipomtajia jina langu akacheka.

"Maboga? Ngoja nikuangalie kitaalamu, baba."

Akabofya simu, akasogeza kioo chake karibu na uso, akasoma taratibu: "Kukurbita."

Tangu tumzike mama, hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Naam, mama," nikaitika, na nilikuwa nimeshasimama.