Fundi Salkynai na Abiria wa Kiti cha Nyuma

Saa mbili asubuhi, soko la magari la Naryn, mji wa milimani nchini Kirgizistani. Salkynai Jeenbaeva amepiga magoti kwenye theluji, kichwa chake kiko chini ya usukani, anatafuta tundu la kuchomeka mashine yake ya kusomea hitilafu. Madereva saba wa teksi wamesimama nje, wanatafuna mbegu za alizeti na kusubiri aumbuke.

Gari ni la Sovetbek, dereva wa njia ya Bishkek. Hii ni mara ya tatu analirudisha na taa ya injini ikiwaka. Mara ya kwanza Salkynai alibadilisha relei, swichi ya umeme wa pampu ya mafuta, mara ya pili pampu yenyewe. Kila mara taa ilizimika siku chache, ikawaka tena. Safari iliyopita gari lilizimika juu kabisa ya mlima, bi harusi akiwa ndani.

Madereva wameshakubaliana. Leo likimshinda, wote wanahamia kwa Mzee Toktosun, fundi wa kontena la jirani, ambaye hutega sikio kwenye boneti na kutangaza ugonjwa. Bila madereva hawa Salkynai hana kazi. Malipo ya kusoma gari moja ni som mia tatu, na kwa pesa hizo analea mabinti wawili.

"Kompyuta haijawahi kushika spana," anasema Mzee Toktosun, aliyekuja na chai yake na kigoda ili aone vizuri.

Salkynai, mwenye miaka 36, alikuwa mwalimu wa fizikia. Aliacha chaki baada ya fundi mmoja kubadilisha vipuri vinne kwenye gari lake, kumbe kosa lilikuwa kifuniko cha tangi la mafuta kilicholegea. Alikasirika mpaka akanunua mashine.

Mashine inalia. Namba ya hitilafu ni P0230, ile ile ya siku zote: umeme wa pampu ya mafuta. Mzee Toktosun anacheka ndani ya kikombe.

"Hii inanionyesha mtaa tu," anasema Salkynai. "Nyumba naitafuta mwenyewe."

Safari hii hagusi kipuri. Anamuuliza Sovetbek huwa anabeba nini. Abiria, anajibu. Abiria gani? Watu wa kawaida tu, wenye heshima zao.

Salkynai anang'oa kiti cha nyuma, maana chini yake ndipo waya zinapoingia kwenye pampu. Madereva wanasogea kuchungulia, kisha wanarudi nyuma wakiziba pua. Soketi imeota kutu ya kijani. Pembeni yake kuna kishungi cha sufu.

"Kaka Sovetbek," anasema kwa upole wa mwalimu aliyemnasa mwanafunzi, "huyu abiria wako mwenye heshima alikuwa na kwato ngapi?"

Sovetbek anatazama milima. Halafu anaeleza kwa sauti ya chini kwamba buti lote limejaa mtungi wa gesi ya kuendeshea gari, na wakwe zake wa Kochkor hawapokei mtu mikono mitupu. Sherehe kondoo, msiba kondoo. Na kondoo akiziona zile kona za mlimani, hujikojolea.

"Sasa ningemweka wapi, dada? Mapajani?"

Hakuna anayecheka. Madereva wote saba wana wakwe. Mmoja baada ya mwingine wanauliza, kama watu wanaoulizia bei ya viazi, kung'oa kiti huchukua muda gani.

Salkynai anakata soketi iliyooza, anaunga mpya na kuizungushia kipande cha mpira ili mkojo usiifikie. Taa inazimika. Mzee Toktosun anadai harufu aliisikia tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza.

Wiki mbili zimepita sasa. Taa haijawaka, ingawa Sovetbek ameshakwenda Kochkor mara mbili, na foleni ya teksi inafika kontena la tatu. Salkynai anapanga kununua mashine kubwa kabla ya majira ya joto, msimu wa harusi. Anapoulizwa kama haogopi wateja kumkimbia siku moja, anafuta mikono kwa kitambaa na kutabasamu.

"Watu wataoana, wakwe watadai chao, kondoo watakojoa," anasema. "Mimi nina kazi mpaka uzeeni."