Nilifuta sauti ya mke wangu nikidhani natengeneza kompyuta

Nimekosa, na sina wa kulaumu. Nilifuta sauti ya marehemu mke wangu kwa kidole changu mwenyewe, mchana kweupe, nikijisifu.

Msinione mjinga. Shule niliachia darasa la sita, nikaanza maisha nikifunga mafungu ya miraa mjini Maua. Leo nina studio ya video karibu na uwanja wa Kinoru, na harusi ya maana huku Meru haifanywi kama sijaitwa. Hakuna aliyenishika mkono. Isipokuwa mke wangu.

Yeye ndiye alikuwa anashika maikrofoni na kupanga watu. "Shosho, inua kichwa kidogo. Wewe wa tai nyekundu, acha kutafuna! Na wewe mpiga picha, funga kifungo, tumbo inaonekana." Watu wote wanacheka, mimi nanuna.

Nikirudi studio, nakata hayo maneno yote. Mteja anataka harusi yake, hataki kelele za mke wangu. Video safi inaenda kwa mwenyewe, na zile mbichi, ambazo hazijakatwa, natupa kwa diski ya nje. Hapo ndipo pekee sauti yake ilikuwa. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ya tochi tu isiyorekodi, na mwenye kamera hakumbuki kurekodi watu wake. Tuna picha zake, lakini picha haziongei.

Sasa, diski hiyohiyo ndiyo kompyuta ilikuwa inatumia kuweka nakala ya kazi zangu kila jioni, ile wanaita bekapu. Baada ya kumzika, ikaanza kugoma. Kila asubuhi alama nyekundu: nakala imeshindikana, diski imejaa. Nikaogopa. Mashine ikifa, harusi za watu nitazitoa wapi?

Nikamtajia binti yangu, mwalimu aliyeolewa Ishiara.

"Baba, hiyo diski usiiguse. Nakuja Jumamosi na ingine kubwa, tuhamishe polepole. Halafu kuna kitu huko ndani nataka..."

"Unanifundisha mimi? Hiyo mashine ilinunuliwa na nani?"

"Baba, nisikize kwanza."

"Wewe funza watoto wa Ishiara. Studio niachie."

Nikakata simu. Jamani, kiburi!

Nikafungua diski. Nikaona zile mbichi ndizo zimejaza kila mahali. Nikazichagua zote, nikafuta. Kompyuta ikaniuliza kitu kwa Kizungu kirefu. Sikusoma. Nikabonyeza ndiyo. Halafu nikaanzisha bekapu upya, nikaketi na chai yangu kama meneja wa benki. Alama ikageuka kijani. Nilijipigia makofi, haki ya Mungu!

Nikampigia binti yangu nijigambe.

"Imekubali! Nani aliwaambia lazima mtu asome ndiyo atengeneze kompyuta?"

"Umefuta gani, Baba?"

"Takataka tu. Zile mbichi."

Nikasikia akivuta kiti, akaketi.

"Baba, Mama alikuwa kwa hizo."

"Mama yako alikuwa nyuma ya kamera siku zote. Hakuna video yake hata moja."

"Sauti yake, Baba."

Nikaweka kikombe chini.

Msichana wa pili wa binti yangu ndiye amepewa jina la mke wangu, vile desturi yetu inataka. Binti yangu alitaka kuunganisha hayo maneno, mtoto akue akijua nyanya aliyempa jina aliongea namna gani. Hilo ndilo alikuwa anataka kuniambia.

Na hata hapo sikusema pole! Nilimwambia, "Si ungesema mapema?"

"Nilikuwa nasema. Ulikata simu."

Nilikimbiza hiyo diski kwa fundi mjini. Akaniambia kufuta pekee kungetengenezeka, vitu vilivyofutwa hubaki kwa muda. Lakini ile bekapu niliyoanzisha upya ilikuwa imeandika juu ya vitu hivyo. Ushindi wangu ndio uliomaliza kila kitu.

Binti yangu hajanitukana. Angalau angenitukana! Anatuma "Shikamoo Baba, tuko salama," basi. Mtoto sijaletewa, na mimi naona haya kwenda.

Kazi ikiisha nafungua zile video safi za miaka hiyo, natega sikio pale nilipokata, labda kuna silabi moja ilibaki. Hakuna. Nilikuwa nakata vizuri sana. Harusi za watu wote ziko salama kwa diski yangu, wanacheka, na mimi nakula githeri ya jana nikiwatazama.

Ndugu yangu, mashine ikikuambia nafasi imeisha, nunua diski ingine, hamisha vitu vyako, hakikisha vimefika na vinafunguka, ndipo ufute. Kitu kikiwa mahali pamoja tu, usijidanganye una akiba. Na wewe unayejivunia kuwa ulijitengeneza mwenyewe, mtoto akisema ngoja, ngoja. Uliza. Kuuliza hakumpunguzii mwanaume kitu.

Mimi siku hizi nauliza kila kitu, hata chumvi imewekwa wapi. Lakini nyumba yangu haina mtu wa kunijibu.